VPN imegoma baada ya sasisho la majaribio: soma dalili kabla ya kufuta chochote

Wiki ya mwisho ya mwezi ndiyo inayonichosha. Simu inaanza kuita sijamaliza hata chai, na maneno hayabadiliki: "Fundi, VPN imegoma, na leo ndiyo nafunga mahesabu." VPN ndiyo ile njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali. Miezi ya mwanzo niliona ni mkosi tu. Siku moja nikakaa na kalenda, nikalinganisha tarehe za simu zile na historia ya masasisho kwenye laptopu zilizopita mezani kwangu, jibu likajitokeza. Microsoft hutoa sasisho la usalama la Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Lile la hiari, ambalo ni la majaribio kwa maana kwamba marekebisho yaliyomo yatawafikia watu wote mwezi unaofuata, kwa kawaida hutoka wiki ya nne. Na wiki ya nne hapa Dodoma ni wiki ya mishahara na ripoti. Watu wa Kisasa, Area D mpaka Mtumba wanahangaika kuingia kwenye mifumo ambayo seva zake ziko Dar es Salaam. Sasisho na presha vinaingia kwa mlango mmoja.

Neno "imegoma" halimsaidii fundi. Mpaka VPN ikufikishe ndani ya mtandao wa ofisi, inapita hatua kadhaa: programu inaamka, draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) inatengeneza adapta ya kubuni, yaani kadi ya mtandao isiyoshikika, pakiti (vipande vya data) zinatoka kwenda kwa seva, seva inakagua wewe ni nani, halafu njia na majina ya ndani yanapangwa. Sasisho huvunja hatua moja, mara chache mbili. Ukiijua hatua iliyovunjika, kazi ni ya dakika 20. Usipoijua utafuta programu nzima, na hapo unaanza kujitafutia tatizo la pili.

Kijana mmoja wa Nkuhungu alinijia akiwa ameshafuta programu yake ya VPN pamoja na folda yake, "ili iwe safi, fundi". Ndani ya folda ile kulikuwa na faili la usanidi, yaani mipangilio ya VPN, na cheti cha kidijitali cha kumtambulisha alichopewa siku ya kuajiriwa. Mtu wa kutoa vyeti alikuwa likizo. Tukasubiri siku tatu. Tatizo la awali, nilipokuja kulisoma kwenye kumbukumbu za mashine, lilikuwa huduma moja ya Windows iliyoshindwa kuwaka baada ya sasisho. Dakika mbili za kazi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, nakili usanidi wako kwenye flashi. Kwa programu ya VPN iitwayo OpenVPN ni mafaili yenye mkia wa .ovpn na vyeti vilivyo kando yake. Kwa nyingine iitwayo WireGuard toa faili la zip kutoka ndani ya programu yenyewe, maana kwenye Windows huhifadhi usanidi ukiwa umefungwa kwa siri, na kuunakili kwa mkono kwenda mashine nyingine hakukusaidii. Mafaili hayo yana ufunguo wa kuingilia ofisini. Usiyatume kwenye kundi la WhatsApp. Nimeona yakitumwa, na mtu akajibu "asante boss" kwa emoji ya moto.

Kwanza, ni sasisho kweli?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, kisha Enter. Itafunguka chati ya siku kwa siku inayoonyesha kilichowekwa na kilichoanguka. Watu wengi hawaijui chati hii na mimi ndiyo naanza nayo. Ukiona sasisho limeingia Jumatano usiku na VPN imeanza kuanguka Alhamisi asubuhi, una mshukiwa. Ukiona VPN ilianza kuanguka Jumatatu, sasisho la Jumatano linasingiziwa. Andika namba yake inayoanza na KB, utaihitaji.

Kisha jaribu mtandao mwingine. Kama uko kwenye Wi-Fi ya ofisi, washa hotspoti ya simu. Ikikubali kwa simu na kukataa kwa Wi-Fi, iache Windows, nenda kwenye ruta. Hili linajitokeza sana miezi ya Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, nyumba za wageni zinapojaa na kila mgeni ana laptopu. Wi-Fi nyingi za wageni huruhusu kurasa za kawaida tu na kufunga milango mingine. Mwenye programu inayoweza kupitia TCP 443, mlango ule ule wa kurasa za kawaida, aichague hiyo, atapita kama mtu anayefungua tovuti.

Jaribio la tatu ni laptopu nyingine, akaunti ile ile, hotspoti ile ile. Nayo ikikataa, sahau sasisho. Seva iko chini, au akaunti yako imefungwa.

Halafu tazama saa. Usicheke. Mama mmoja mhasibu alinipigia akiwa na hakika kabisa kwamba sasisho ndilo limeua VPN, kwa sababu usiku ule laptopu ilikuwa ikisasisha umeme ukakatika. Nilipofika, shikamoo na marahaba zikapita, akanigeuzia skrini: programu inasema cheti cha seva hakiaminiki. Nikatazama kona ya chini kulia. Tarehe ilisoma 01/01/2019. Betri ndogo ya saa kwenye ubao wa mashine ilikuwa imekufa siku nyingi, na betri kubwa ya laptopu ile nayo ilikuwa imechoka, haishiki chaji. Umeme ulipokatika, saa ikarudi ilikoanzia kiwandani. Cheti cha seva kilichotolewa mwaka jana, kwa kompyuta inayoamini iko 2019, ni cheti ambacho bado hakijazaliwa. Tukaweka tarehe, tukachagua majira ya (UTC+03:00) Nairobi, ikaunganisha pale pale. Betri mpya ya saa, ile ya duara kama shilingi, niliiweka siku iliyofuata.

Na umeme ukikatika katikati ya sasisho, hata kama saa iko sawa, mafaili ya mfumo huweza kubaki nusu nusu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza endesha sfc /scannow. Ya kwanza hupakua kutoka intaneti, kwa hiyo bando liwepo.

Inazunguka kwenye "Connecting", kisha inatoa namba

Hii inawahusu wanaotumia VPN iliyomo ndani ya Windows yenyewe, bila programu ya pembeni. Habari njema ni kwamba inatoa namba, na namba haidanganyi. Kama dirisha limejifunga kabla hujasoma, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha Application, utafute chanzo RasClient, tukio namba 20227. Sababu imeandikwa mwishoni mwa sentensi.

Namba 691 maana yake jina au nenosiri limekataliwa. Masasisho makubwa wakati mwingine hupoteza nenosiri lililohifadhiwa au njia ya uthibitisho iliyochaguliwa. Futa taarifa za kuingia zilizohifadhiwa, andika upya kwa mkono, halafu linganisha njia ya uthibitisho na karatasi uliyopewa na ofisi. Namba 868 ni jina la seva kutotafsirika kuwa anwani, hivyo shida ni DNS, kile kitabu cha majina cha mtandao, wala si VPN.

Namba 809 ni pakiti kutofika. L2TP/IPsec na IKEv2, ambazo ni aina za VPN zilizomo ndani ya Windows, zinahitaji milango ya UDP 500 na UDP 4500. Ikitokea kwenye Wi-Fi moja tu, ruta inazizuia. Ikitokea kila mahali, na seva ya ofisi iko nyuma ya ruta nyingine, muulize mtu wa mtandao kama zamani aliweka kwenye rejista ya mashine yako kipengele cha AssumeUDPEncapsulationContextOnSendRule. Ni jina refu la kuchosha, lakini mashine ikiwekwa Windows upya kipengele kile huondoka, na hakuna anayekikumbuka kwa sababu aliyekiweka alishahama kazi.

Namba 789 ni IPsec, sehemu inayofunga data kwa siri, kushindwa kuelewana na seva mwanzoni kabisa. Hapa kuna kisa ambacho mafundi wengi wanakikumbuka. Tarehe 11 Januari 2022, masasisho KB5009543 ya Windows 10 na KB5009566 ya Windows 11 yalivunja L2TP/IPsec duniani kote. Watu wakabadilisha nenosiri, wakanunua ruta, wakagombana na watoa huduma. Kosa lilikuwa kwenye Windows, lilihusu kitambulisho cha muuzaji (Vendor ID) kinachotumwa wakati wa mazungumzo ya IPsec, na nafuu ya muda ilikuwa kukizima upande wa seva, kwa seva zinazoruhusu. Tarehe 17 Januari yakatoka masasisho ya dharura, KB5010793 na KB5010795. Aprili 2024 ikajirudia kwa sura nyingine: KB5036893 ya Windows 11 na KB5036892 ya Windows 10 zikaangusha miunganisho ya VPN, marekebisho yakaja na masasisho ya Mei. Naona umuhimu wa visa hivi ni mmoja. Haya hayakuwa ya majaribio. Yalikuwa ya lazima, ya Jumanne ya pili. Kwa hiyo ukiona 789 imeanza siku ya sasisho, kwenye mashine zaidi ya moja, acha kuhangaika na laptopu. Soma ukurasa wa Microsoft wa matatizo yanayojulikana kwa toleo lako. Andika winver kwenye sehemu ya kutafutia na utajua toleo lako ni lipi.

Namba 720 ni tofauti, hii ni ya ndani ya mashine. Adapta ndogo zinazoitwa WAN Miniport zimejifunga vibaya baada ya sasisho. Fungua Device Manager, panua Network adapters, washa kuonyesha vifaa vilivyofichwa, kisha ondoa WAN Miniport (IP), (IPv6) na (Network Monitor). Bonyeza Scan for hardware changes, zitarudi zenyewe. Zima kompyuta, iwashe. Hapa kufuta kunafaa, kwa kuwa Windows inazo nakala zake.

Kama haitoi namba na inakataa hata kuanza, angalia huduma. Fungua services.msc, utafute Remote Access Connection Manager, na kwa IPsec utafute IKE and AuthIP IPsec Keying Modules. Huduma ya namna hii ndiyo iliyokuwa imelala kwa yule kijana wa Nkuhungu.

Programu inafunguka lakini inadai hakuna adapta

OpenVPN ya zamani inasema haioni adapta yoyote ya TAP, yaani adapta yake ya kubuni. Nyingine zinasema tu "driver error" na kukuacha na maisha yako. Nenda Device Manager, Network adapters. Kama adapta ya VPN haipo kabisa, sasisho limeiondoa, na kuweka programu upya juu ya ile iliyopo, bila kufuta, kunatosha mara nyingi. Chukua toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji, si lile lililolala kwenye folda ya Downloads tangu 2020.

Kama ipo na ina pembetatu ya njano, bofya mara mbili usome namba. Code 52 ni sahihi ya kidijitali ya draiva kukataliwa. Code 39 mara nyingi ni draiva iliyoharibika au iliyozuiwa. Tangu Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya za kiini cha mfumo zinatakiwa ziwe zimepitishwa na Microsoft, na matoleo mapya yanazidi kukaza kamba. Tazama pia Windows Security, Device security, Core isolation. Kama Memory integrity imewashwa na draiva ni ya kale, haitapanda.

Kwenye video za mitandaoni utaambiwa uzime Memory integrity, au uzime kabisa ukaguzi wa sahihi za draiva. Mimi sifanyi hivyo kwa laptopu ya mteja inayoingia kwenye mfumo wa mishahara. Badilisha draiva. Kama mtengenezaji hatoi tena draiva mpya, programu ile imekufa na ofisi inatakiwa iambiwe hivyo waziwazi, kuliko kuishi kwa mbinu.

Kuna ugomvi mwingine mdogo: programu mbili za VPN kwenye mashine moja, ya ofisi na ile ya bure ya kutazamia mpira. Kila moja ina vichujio vyake, na sasisho likipanga upya mpangilio, moja inamkaba mwenzake. Ondoa ya bure. Na usifikirie kuitumia badala ya ile ya ofisi, kwa sababu haikupeleki ofisini, inakupeleka kwenye seva ya mtu usiyemjua. Kuna na sheria pia: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao zitoe taarifa zao, pamoja na anwani za IP, kabla ya tarehe 30 mwezi ule. Ya ofisi ina mtu wa kuitolea maelezo. Ya kutazamia mpira haina.

Imeunganishwa, ila hakuna kinachofunguka

Dalili hii ndiyo tamu kuliko zote kwa fundi, na ndiyo inayomchanganya mtumiaji zaidi, maana kila kitu ni kijani.

Anza na jina. Jaribu kufungua mfumo wa ofisi kwa anwani ya namba badala ya jina, kama unaijua. Ukifunguka kwa namba, DNS ndiyo imeteleza: endesha ipconfig /flushdns, kisha ipconfig /all, uangalie kama adapta ya VPN ina seva ya DNS ya ndani ya ofisi. Kama haina, programu imeshindwa kuiweka. Kata, unganisha tena ukiwa umeifungua kama msimamizi. Ikiwa haifunguki hata kwa namba, andika route print, utafute mtandao wa ofisi kwenye orodha. Kwenye nyumba nyingi ruta hutumia 192.168.1.0 au 192.168.0.0, na kama ofisi nayo inatumia hiyo hiyo, kompyuta haijui ni 192.168.1.10 ipi unayoitaka, ya ofisini au ya printa ya sebuleni. Hilo sasisho halihusiki nalo. Lilikuwepo, siku hiyo tu umehamia Wi-Fi nyingine.

Sasa ile yenye utamu. Dada mmoja anayefanya kazi kutoka nyumbani, Ipagala, alikuja na laptopu yake baada ya sasisho kubwa. WireGuard inasema imeunganishwa. Ukurasa wa kuingilia unafunguka. Anaandika nenosiri, anabonyeza, ukurasa unabaki mweupe. Barua pepe fupi zinafika, yenye kiambatisho inakwama. Nikamwambia hebu tulia hapo, usiguse. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinakwama: hiyo inanuka MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoruhusiwa njiani.

Tukazima VPN, tukabaki na hotspoti ya simu yake. Nikaandika ping -f -l 1472 8.8.8.8. Ile -f inakataza pakiti isikatwe vipande, na 1472 ukiongeza 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. Ikajibu kwamba pakiti inahitaji kukatwa. Nikashuka 1400, ikakataa. 1380, ikakataa. 1370, ikapita. Nikapanda moja moja, dada anahesabu kwa sauti pembeni: 1371, 1372 zikapita, 1373 ikakataa. Basi, 1372 na 28 ni 1400. Mtandao ule wa simu unabeba pakiti ya 1400, si zaidi. WireGuard huchukua mpaka 80 kwa vifungashio vyake, ndiyo maana ukiiacha huanza na 1420, yaani 1500 toa 80. Kwa dada huyu, 1400 toa 80 ni 1320. Nikafungua usanidi, chini ya [Interface] nikaongeza mstari MTU = 1320, nikaunganisha. Mfumo ukafunguka, na kile kiambatisho kilichokuwa kimekwama tangu asubuhi kikashuka.

Akaniuliza swali zuri: mbona wiki iliyopita ilikuwa inafanya kazi? Kwa sababu mtu wa IT wa ofisi yao alikuwa amepunguza MTU kwenye adapta yenyewe kwa amri ya netsh, hakuiandika kwenye faili la usanidi. Sasisho kubwa lilipoisajili adapta upya, namba ile ikapotea. Ukiweka kitu kwa mkono kwenye Windows, kiandike mahali. Kwa OpenVPN kifaa cha kazi hiyo ni mstari wa mssfix kwenye faili la .ovpn.

Wanaofanya kazi na Linux ndani ya Windows, ile WSL, wana dalili yao: Windows yenyewe inaingia ofisini vizuri, ila ndani ya WSL unapata "No route to host". Sasisho la majaribio la tarehe 28 Oktoba 2025, KB5067036, lilileta hili kwa waliowasha hali ya mtandao ya mirrored (WSL ikitumia mtandao wa Windows kama kioo) wakiwa na programu za VPN za pembeni, kwa sababu adapta ya VPN haijibu maswali ya ARP, yale ya kuuliza anwani fulani iko kwa kifaa kipi. Kurudisha WSL kwenye hali ya NAT (WSL ikiwa na anwani yake nyuma ya Windows) kwenye faili la .wslconfig ni njia ya kwanza ya kujaribu.

Nimezima VPN, intaneti nzima imezimika

Hapa watu hupaniki na kumlaumu mtoa huduma wa simu. Programu nyingi zina swichi ya kukata intaneti VPN inapoanguka, ili kitu kisivuje. Inafanya hivyo kwa kuweka vichujio ndani ya Windows. Sasisho likizuia huduma ya programu isiwake, vichujio vinaweza kubaki na hakuna wa kuviondoa. Utaitambua hivi: andika ping ya anwani ya ruta yako. Ikijibu "General failure" badala ya kusubiri na kuchoka, pakiti haijatoka hata mlangoni kwako. Kuna kitu ndani ya mashine kimeizuia.

Fungua programu, zima swichi hiyo, uunganishe na kukata kwa utaratibu. Programu ikikataa kufunguka, iondoe kwa kiondoaji chake yenyewe, siyo kwa kufuta folda, kisha uiweke upya. Ndiyo, hapa nakuruhusu kufuta, ukiwa umenakili usanidi. Bado ikigoma, netsh winsock reset na netsh int ip reset, halafu zima na kuwasha. Ya pili hufuta anwani ulizoweka kwa mkono, kwa hiyo zipige picha kwanza.

Angalia pia DNS iliyobaki kwenye adapta ya Wi-Fi yenyewe. Ukikuta anwani ya ndani ya ofisi imekaa pale wakati VPN imezimwa, irudishe kwenye hali ya kujipangia.

Wenye Mac

Ni wachache huku kwetu, ila wapo. Mac OS Sequoia ilipotoka Septemba 2024 ilivuruga programu kadhaa za VPN na za ulinzi, na toleo la 15.0.1 la mwezi uliofuata likapunguza makali. Dalili ya kawaida baada ya sasisho ni kiendelezi cha mtandao kunyimwa ruhusa. Ingia kwenye mipangilio, General, Login Items & Extensions, urudishe ruhusa ya VPN yako.

Kurudi nyuma

Umejua ni sasisho, na dawa haijatoka. Kwa sasisho la majaribio la kila mwezi, ingia Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates, utoe ile KB uliyoandika. Hilo halinisumbui moyo, kwa sababu halikuja na kinga mpya ya usalama. Kinga uliyonayo ni ya Jumanne ya pili, na hiyo inabaki. Kutoa lile la Jumanne ya pili ni jambo jingine, hapo unaacha dirisha wazi. Nalifanya kwa shingo upande, kwa siku chache, na namwandikia mteja tarehe ya kulirudisha.

Kabla ya kulitoa, zima na kuwasha mara moja mbili ukiwa na intaneti. Microsoft ina njia ya kuyazima marekebisho mabovu yasiyo ya usalama kutoka mbali, na huweza kuchukua mpaka saa 24 kufika. Kuwasha upya huharakisha.

Kisha zima chanzo. Kwenye Windows 11, ndani ya Windows Update kuna swichi inayosema "Get the latest updates as soon as they're available". Inapendeza macho, inasikika kama uchapakazi. Ikiwashwa, masasisho ya majaribio yanaingia yenyewe bila kukuuliza. Karibu nusu ya laptopu zinazonijia wiki ya nne ninaikuta imewashwa, na mwenyewe hakumbuki kuiwasha. Izime. Hotspoti ya simu nayo iweke kama mtandao wa kipimo, yaani metered, bando lako halitaliwa usiku. Kama una kazi nzito ya mwisho wa mwezi, unaweza kusitisha masasisho mpaka wiki tano.

Waliojiunga na mpango wa Windows Insider, ule wa kujaribu matoleo ambayo hayajatoka rasmi, wana safari ndefu zaidi. Una siku 10 za kurudi kwenye toleo lililopita kupitia Recovery, Go back. Zikipita, kwa njia za Dev na Canary kurudi kwenye Windows ya kawaida ni kuweka upya kila kitu. Laptopu ya ofisi haina biashara kwenye njia hizo. Ukitaka kuonja mapya, onja kwenye mashine ya watoto.

Ikibaki kwa seva

Ukishapita dalili zote hizi na bado, basi jambo liko upande wa ofisi, na hapo ujumbe wako ndio utakaoamua kama utajibiwa leo au Jumatatu. "VPN haifanyi kazi" hupewa jibu la "jaribu kuzima na kuwasha". Huu hapa niliomwandikia mteja wa Makole akautuma akiwa amekaa mezani kwangu:

"Habari za kazi kaka. VPN ya L2TP inatoa kosa 789 tangu leo saa 2 asubuhi. Nimejaribu Wi-Fi ya nyumbani na hotspoti, majibu ni yale yale. Laptopu ya mwenzangu isiyo na sasisho la jana inaingia kwa akaunti yangu. Toleo la Windows na namba ya KB viko kwenye picha. Saa na tarehe ziko sawa. Usanidi sijafuta."

Alijibiwa baada ya dakika kumi na moja. Sentensi ya kwanza ya jibu ilikuwa: "Asante kwa kutofuta."